Fukizo Baridi

Robo saa kabla ya Magharibi, vyetezo arobaini na vinne vya Mkata vilifungua vinywa kwa pamoja. Vilikuwa minara myembamba ya chuma, mirefu kuliko minazi, iliyouzunguka mji na mashamba yake yote. Vifuniko vyake vilifunuka taratibu kama cha chetezo cha nyumbani mtu anapotaka kutia ubani, ndiyo maana watu wakaviita hivyo, ila hapakuwa na kaa la moto wala moshi. Kilichotoka hakikuonekana na hakikunuka. Wahandisi walikijua kwa namba ndefu. Wananchi walikiita fukizo baridi, na jina hilo ndilo lililoshika.

Nje ya mji kulikuwa na hekta elfu kumi za mahindi, na jioni ndipo nondo jike wa kiwavijeshi anapoamka kutafuta pa kutagia. Macho yake hayamfikishi mbali. Anategemea vipapasio viwili vya kichwani, vyenye vinyweleo vilivyotobolewa vitundu vidogo mno. Harufu ya jani changa la mhindi huingia kwenye vitundu hivyo kama ufunguo kwenye kufuli, na kufuli likifunguka nondo anajua aelekee wapi. Akishatua analionja jani kwa miguu, maana miguuni ndiko aliko na ulimi, na akiridhika anataga mayai mia mbili kwa mkupuo. Siku nne baadaye shamba linaanza kuliwa.

Fukizo baridi lilikuwa ufunguo bandia. Liliingia kwenye kufuli likakwama humo humo. Nondo aliruka juu ya mahindi yote yale asijue kama yapo, akapitiliza porini. Hakuuawa mdudu hata mmoja. Kwa mji uliokuwa umetoka kwenye miaka miwili ya njaa, viwavi wakiwa wamezizoea sumu zote dukani na watu wakisaga mabua kupata unga, lile lilikuwa jambo la kushukuriwa msikitini na kanisani. Vyetezo vilikuwa na wiki ya sita tangu viwashwe, na mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, kijani tupu, bila tundu hata moja.

Aliyeongoza majaribio ya fukizo hilo alikuwa mhandisi wa harufu, Mwajabu Semkiwa. Jioni hiyo aliviona vyetezo vikifunguka kupitia dirisha la chumba chake. Wiki ya kwanza alipoviona hivyo alilia kwa furaha. Sasa aliviangalia kama mtu anavyoangalia nguo za jirani zilizoanikwa, kisha akarudisha macho kwa mtoto aliyelala mapajani mwake.

Arafa alikuwa na siku kumi na moja. Alizaliwa hospitali ya Tanga mjini, kwa sababu presha ya mama yake ilipanda ghafla wakamkimbiza huko, na huko alinyonya vizuri siku mbili nzima, kwa uroho wa kuchekesha. Wakarudi Mkata. Tangu siku hiyo hakulishika ziwa tena. Akiwekwa alilia, akakunja mgongo, akachoka, akalala. Mwajabu alikamua maziwa kwenye kikombe akamnywesha kwa kijiko, nusu yakaingia na nusu yakaishia shingoni. Na maziwa yasiyonyonywa hupungua. Juzi kikombe kilijaa. Leo kilifika nusu.

"Arafa binti Mbwana," kitanda cha mtoto kilitamka kwa sauti yake tulivu alipolazwa, "kilo mbili na gramu mia saba na kumi. Amepungua gramu thelathini tangu jana."

Kitanda hicho kilikuwa mizani, na kilitakiwa kusema. Lakini Shangazi Kidawa, dada mkubwa wa baba yake Mwajabu, aliyekuja kutoka Pangani kumlea mzazi siku zake arobaini, hakukubaliana na kitu kinachotaja uzito wa mtoto hadharani. Alichukua mto akakiziba domo.

"Hakina adabu," alisema. "Kwetu mtoto hahesabiwi kama kuku wa mnada."

"Shangazi, kinasema kweli."

"Kweli ndiyo isiyo na adabu yenyewe."

Mwajabu alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Siku tisa ndani ya chumba kimoja zilikuwa zimemfanya azijue nyufa zote za ukuta. Muuguzi wa zahanati alikuja mara mbili. Aliuangalia ulimi wa mtoto, akaiangalia chuchu, akasema kila kitu kiko sawa, mama hana uzoefu tu, na kwamba mtoto akifika kilo mbili na nusu itabidi alazwe na kuwekewa mrija. Mwajabu alikuwa na digrii mbili, na kwa siku kadhaa aliyaamini hayo maneno, kwamba kuna jambo rahisi ambalo kila mwanamke analijua isipokuwa yeye.

Shangazi alikuwa mkandaji. Tangu afike Mkata hakumkanda Mwajabu peke yake. Sifa za mikono yake zilienea, na kila asubuhi alizunguka nyumba tatu nne za wazazi wa mtaani, akiwakanda migongo na matumbo kwa mafuta ya nazi. Mafuta yake aliyaweka kwenye bakuli la udongo dirishani yashinde yakipata jua, maana mafuta baridi, alisema, humwingiza mzazi upepo. Jioni hiyo alikuja na bakuli akaanza kumkanda mabega. Huku akikanda alilalamika kwamba mafuta ya huku bara hayana maana, kwao Pangani mzazi hukandwa kwa mafuta ya asumini.

Mwajabu aliuliza, kwa kutaka tu kuzungumza, asumini inaingiaje kwenye mafuta. Inachemshwa?

"Ichemshwe ife? Unaitia mbichi, unafunika. Siku tatu. Mafuta hunywa harufu, mwanangu, hayana kinyaa, hunywa chochote kilichopo. Ukiweka bakuli karibu na samaki wa ng'onda, utanukia ng'onda mpaka Idi."

Mikono iliendelea. Mwajabu aliacha kuihisi. Aliligeukia dirisha lililokuwa wazi, na bakuli lililoshinda pale kutwa, na nje zaidi kile chetezo cha karibu, namba kumi na saba, kikiwa wazi dhidi ya mbingu nyekundu.

Asubuhi alimpa mume wake, Mbwana, vichupa vitatu vyenye pamba. Pamba moja aliitikisa hewani chumbani. Moja aliichovya kwenye bakuli la shangazi. Moja aliipitisha kwenye ngozi ya ziwa lake. Mbwana alikuwa fundi wa matrekta na hakuelewa mengi, ila aliuelewa uso wa mkewe, akaondoka bila kumaliza chai.

Kwenye kituo cha utafiti alikofanya kazi Mwajabu, ambako Mbwana alivipeleka vichupa, kulikuwa na chombo walichokiita kinusio. Ndani yake hukaa kipapasio cha nondo kilichokatwa muda huo huo, kimeunganishwa na nyaya mbili nyembamba kuliko unywele. Ukikipulizia harufu ya mhindi, mstari kwenye kioo unaruka kama mapigo ya moyo. Kikiguswa na fukizo baridi, mstari unalala. Kadiri fukizo lilivyo jingi ndivyo mstari unavyokawia kuamka. Kwa miaka minne Mwajabu alikuwa amekiuliza kipapasio hicho maswali ya mahindi. Hakuwahi kukiuliza swali la mtu.

Majibu yalifika kwenye simu yake saa nne. Pamba ya hewani, mstari ulilala nusu dakika, kama ilivyotarajiwa. Pamba ya mafuta, mstari haukuamka. Pamba ya ziwa, haukuamka. Fundi aliyeendesha kipimo alibadilisha vipapasio vitano akidhani vimeharibika.

Aliketi kitandani na simu mkononi, akaona yote kwa mpigo. Walikuwa wamethibitisha kwamba fukizo haligusi pua ya binadamu, na hilo lilikuwa kweli mpaka leo. Pua ya mdudu na pua ya mtu si ndugu. Lakini fukizo lilipenda mafuta. Lilitua kwenye mafuta, likajikusanya, na kwenye ngozi yenye joto likaifunika harufu iliyokuwa chini yake. Mtu mzima hapotezi kitu, ana macho, ana mazoea. Mtoto wa siku mbili macho yake ni ukungu. Mama kwake ni harufu, hana alama nyingine. Walikuwa wamelifanya shamba lisionekane kwa nondo, na kwa pazia hilo hilo wakamficha mama asionekane na mtoto.

Aliacha mafuta. Siku mbili nzima alikataa kukandwa, akafunga dirisha, akaoga kila baada ya saa tatu. Arafa hakushika. Pamba za siku hizo zilionyesha fukizo limepungua, lakini bado linatosha, kwani ngozi ina mafuta yake yenyewe, na ziwa la mzazi linayo zaidi ya sehemu nyingine yoyote ya mwili.

Siku ya pili hiyo ndipo alipomwambia shangazi kila kitu. Alitegemea mama yule atabisha. Badala yake Shangazi Kidawa aliiangalia mikono yake mwenyewe, akaipangusa kwenye kanga, akaiangalia tena.

"Kuna wengine," alisema.

Mwajabu alimtazama.

"Katika kumi na mmoja ninaowakanda, sita watoto wanasumbua. Wanne wanajikongoja, leo ananyonya, kesho hanyonyi. Wawili kama wako."

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Ya chumba cha mzazi hayatoki nje, huo ndio ukandaji. Nikibeba ya huyu kwa yule, kesho nani atanifungulia mlango?" Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba walikuwa wawili. Sasa amebaki mmoja. Mtoto wa Siwema, wa nyumba za nyuma ya ginari ya pamba, alizikwa Jumanne. Siku tisa. Wakweze walisema ziwa la Siwema lina uchungu, wakampa mtoto maji ya mchele, na zahanati hawakumpeleka kwa sababu mzazi hatoki.

Mwajabu aliomba apewe kishikwambi chake cha kazini, akalifungua jalada la majaribio ya mwaka jana. Walikuwa wamewapima watu elfu mbili waliokaa mwezi mzima chini ya vyetezo viwili vya mfano. Wakulima, wanafunzi, wajawazito, vikongwe, wenye pumu. Walipiga kambi sokoni na mashuleni, wakapita nyumba kwa nyumba. Kwenye mstari wa watoto walio chini ya siku arobaini palikuwa na neno moja, kwa mwandiko wake: hawakupatikana. Aliukumbuka mlango wa kila nyumba. Kila waliposikia ndani kuna mzazi, wapimaji walivua viatu, wakatoa hongera kwa sauti ya chini, wakageuza. Nani angeingiza mashine na watu baki kwenye chumba cha mzazi? Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha adabu hiyo. Na chini ya ukurasa, kwenye muhtasari, aliandika kwamba fukizo limethibitishwa salama kwa watu wa rika zote.

Siku ya kumi na nne aliamua kutoka na Arafa kwenda kituoni. Shangazi alisimama mlangoni akamkumbusha kwamba kaburi la mzazi liko wazi siku arobaini. Mwajabu alimjibu kwamba la mtoto nalo liko wazi. Shangazi Kidawa akaingia ndani, akakitoa kile kisu kidogo alichokuwa amekiweka chini ya mto wa mtoto kumkinga, akakitia mfukoni.

"Kama ni kuvunja mwiko," alisema, "basi tuuvunje tukiwa na silaha."

Ndani ya kituo kulikuwa na mahali pamoja tu katika mji mzima ambapo fukizo halikufika, nacho ni chumba cha nondo. Vipapasio vya kinusio vilipaswa kutoka kwa wadudu ambao hawajawahi kuguswa na fukizo hata chembe, hivyo chumba kile kilikuwa na milango miwili, na hewa yake ilichujwa mara tatu kabla ya kuingia. Humo walilelewa nondo elfu tatu kwenye vizimba vya wavu, wa rangi ya vumbi, wakitetemeka mabawa. Mwajabu aliingia bafuni kwanza, akajiosha kwa maji ya moto, akavaa gauni la kituo. Shangazi naye akafuliwa, ndivyo alivyosema baadaye akisimulia, kuanzia utosi mpaka kucha.

Kisha wakangoja. Kuoga kunaondoa fukizo, lakini kunaondoa na harufu ya mama, na harufu hiyo hairudi kwa amri. Waliketi juu ya ndoo zilizogeuzwa kati ya vizimba. Dakika ishirini. Arobaini. Arafa alilala usingizi wa watoto wadhaifu, ule ambao mama hataki kuuona. Mwajabu aliinuka kila baada ya muda, akazunguka kizimba, akarudi. Shangazi alimwambia akae, anawatia kizunguzungu wadudu wa watu. Saa moja na robo.

Mtoto aliamka. Hakulia. Pua yake ndogo ilicheza mara mbili tatu. Akafungua mdomo, akalishika ziwa, na akaanza kunyonya kwa nguvu iliyomuumiza mama yake mpaka vidole vya miguu vikajikunja.

Shangazi Kidawa hakupiga kigelegele. Aliifunika midomo yake kwa kanga na kutazama ukutani. Sauti pekee chumbani ilikuwa mtoto akimeza, na mabawa.

Nyuma ya dirisha la kioo la chumba hicho alikuwa amesimama Dokta Sempombe, mkuu wa kituo. Mwajabu alikuwa amemtumia majibu ya kinusio tangu juzi na hakujibu. Sasa aliwasha kipaza sauti, akampongeza kwa mtoto, kwa sababu alikuwa hajapata nafasi. Alisema ameyasoma majibu mara nne. Alisema pia kwamba mahindi yako kwenye umri mbaya kuliko wote, na kwamba zimebaki wiki tatu tu yatoe mbelewele, hapo nondo hawatayataka tena.

"Nenda Tanga na mtoto," alisema. "Gari la kituo litakupeleka leo. Mkae huko wiki hizo tatu. Akinenepa urudi, na hakuna atakayekulaumu."

Mwajabu alilitaka gari hilo. Aliiona barabara na chumba chenye dirisha wazi, na Arafa akipata mashavu. Alimtazama mtoto. Kisha aliuliza gari hilo lina viti vingapi.

"Sikuelewi."

"Wiki hizi tatu watazaliwa watoto zaidi ya mia moja hapa Mkata, Dokta. Gari lina viti vingapi?"

Dokta Sempombe alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa pili wa mabua alimzika mama yake, na Mwajabu alikuwepo. Jeneza lilibebwa na watu wawili, na hao wawili hawakuchoka. Alisema mtoto akikataa ziwa kuna kikombe, kuna mrija. Shamba likiliwa hakuna kikombe.

"Mmoja amekufa Jumanne," Mwajabu alisema. "Hakupewa kikombe, kwa sababu kwao walidhani mama ndiye mbaya. Na walidhani hivyo kwa sababu sisi tuliwaambia hewa ni salama kwa rika zote. Mimi niliandika. Sahihi yako iko chini ya yangu."

Nyuma ya kioo alimwona akitafuta mahali pa kuweka miwani.

Ndipo alipomweleza alichokuwa amekifikiria siku mbili zile za madirisha yaliyofungwa. Kuziba pua ya nondo kunahitaji kuijaza hewa yote, na hewa ni ya kila mtu. Lakini nondo hatagi kwa kunusa tu. Lazima atue aonje. Walikuwa na dawa chungu waliyoijaribu zamani bustanini, haina madhara kwa mtu na haipai hewani. Ikipakwa kwenye moyo wa mhindi, nondo akikanyaga anahisi uchungu miguuni na kuondoka bila kutaga. Waliitelekeza kwa sababu ni lazima kila mche uguswe, na roboti za shambani hupita mstari mmoja katika minne. Ingehitaji watu. Mji mzima, na ndoo.

"Hata mji mzima hautamaliza," Dokta alisema.

"Hautamaliza. Nimepiga hesabu, tutapoteza theluthi."

Dokta Sempombe alilirudia neno hilo, theluthi, kama anayepima chakula mdomoni. Alisema mji utamuuliza. Mwajabu alisema utawauliza wote wawili, na yeye atakuwepo. Mzee yule alibaki amesimama, akimwangalia mtoto aliyekuwa ameshiba na kuachia ziwa, maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo. Robo saa kabla ya Magharibi jioni hiyo, vyetezo arobaini na vinne vilibaki vimefumba.

Siku zilizofuata watu walitoka na ndoo. Walitoka walimu na wauza maduka, walitoka polisi, wakipaka uchungu mche kwa mche, wakikosana kuhusu nani kapita mstari wa nani, wakiimba, wengine wakiwatukana wahandisi kwa sauti waliyotaka isikike. Upande wa kaskazini viwavi waliwahi. Kutoka mbali mahindi ya huko yalionekana kama yamechanwa kwa kucha. Mbwana alirudi kila jioni na mgongo unaomuuma, akaonja kidole chake kimakosa, akatema, akasema sasa anawaelewa nondo.

Chumbani kwa Mwajabu dirisha lilifunguliwa. Siku ya nne Arafa alinyonya nyumbani kwa mara ya kwanza, na kitanda kikatamka gramu sitini za ziada. Shangazi alidai hakusikia, lakini aliuondoa ule mto.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba fukizo limesitishwa kutokana na athari zisizotarajiwa kwa watoto wachanga. Mwajabu aliyasikia maneno hayo, akajua hayatafika nyuma ya ginari. Hata yakifika, hayatakuwa na maana yoyote kwa mtu aliyezika. Alimwomba shangazi ampeleke kwa Siwema. Shangazi hakutaja kaburi wala mwiko. Alibaki na Arafa jirani, kwa mama mmoja anayemfahamu, maana haikufaa kuingia na mtoto katika nyumba ile.

Siwema alikuwa na miaka kama ishirini na mbili. Alikaa kwenye mkeka, kifua kimefungwa kanga kwa kubana, ili maziwa yakauke. Aliitikia salamu, akasogeza miguu kumpisha mgeni. Mama mkwe alikuwa jikoni, sufuria zikigongana.

Mwajabu alisema tu yeye ni nani na alifanya nini. Alieleza kuhusu mashamba na nondo, kuhusu mafuta, kuhusu neno aliloliandika kwenye karatasi. Alisema ziwa la Siwema halikuwa na uchungu wowote, halikuwa na kosa. Lilifichwa. Walilificha wao, bila kujua, na kutojua kwao hakumpunguzii mtu yeyote kitu.

Siwema alisikiliza akichezea uzi wa mkeka. Hakuuliza kuhusu vyetezo.

"Alikuwa akigeuza kichwa," alisema. "Kila nikimweka. Hivi, na hivi, na hivi. Mama akasema unaona, mtoto mwenyewe anakataa, anasema hapana."

Mwajabu alikuwa ameliona jambo hilo mara elfu, kwenye handaki la upepo la kituo, na hakuwahi kulifikiria nje ya pale. Nondo anayefuata harufu huruka moja kwa moja. Harufu ikimpotea harudi alikotoka na hatui chini. Huanza kwenda upande huu na upande ule, upande huu na upande ule, akipanua kila mara kidogo, mpaka aikute tena au mabawa yaishiwe nguvu.

"Ile haikuwa hapana," alisema. "Hivyo ndivyo anavyofanya anayetafuta. Asiyetaka hulala tu. Yeye alijua upo. Alikuwa anakutafuta."

Siwema aliinua uso.

"Siku zote tisa?"

"Siku zote tisa."

Jikoni sufuria zilikuwa zimenyamaza. Siwema alijifuta uso kwa pembe ya kanga, akaketi wima, kisha akaita kwa sauti ambayo haikutetemeka, akamwambia mama mkwe wake aje aketi hapa mkekani.

"Rudia, dada," alimwambia Mwajabu. "Mwambie na yeye, kama ulivyoniambia mimi."

Yule mama alikuja akikausha mikono, akaketi. Mwajabu akaanza upya, kuanzia kwenye kosa lake.